Ndama Humfuata Mamaye: Hakimiliki, Kanisa na Nyimbo Zetu

1. Swali lenyewe

Wachungaji, wainjilisti na walimu wa kwaya katika mkoa wetu wa Singida wamekuwa wakituuliza swali moja kwa namna nyingi: Je, wimbo wa Injili una mwenyewe? Mmoja huuliza kwa sababu wimbo wa kwaya yake umesikika mjini ukiuzwa kwa jina la kwaya nyingine. Mwingine huuliza kwa sababu mwalimu aliyetunga nyimbo zote za usharika amehama, na wazee wanashindana kama anaruhusiwa kuondoka nazo. Wa tatu amekatazwa kutoa fotokopi ya kitabu kizima cha mafundisho, naye anaona kwamba Neno la Mungu limetiwa pingu.

Makala hii ina nia ya kueleza hakimiliki ni nini, imetoka wapi, na inatudai nini sisi tulio watumishi wa Kanisa katika siku hizi za intaneti. Tutaonyesha kwamba chini ya vifungu vyote vya sheria hii yamo maswali mawili tu: nani atajwe, na nani ale. Kanisa limekuwa na uhuru mkubwa katika swali la pili, kwa maana mtu aweza kuiacha faida yake kwa ajili ya Injili. Lakini katika swali la kwanza halina uhuru huo, kwa sababu hilo si swali la fedha bali ni swali la ukweli.

2. Maana ya hakimiliki

Yatupasa kwanza kutenganisha maneno ambayo watu huyachanganya. Hatimiliki ni karatasi ya shamba au ya nyumba. Hataza ni haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake wa kiufundi. Alama ya biashara ni ishara inayotambulisha bidhaa ya mtu ili isichanganywe na ya mwingine. Hakimiliki ni haki ya mtunzi juu ya kazi aliyoitunga, kama vile kitabu, wimbo, picha, tafsiri, mchezo au programu ya kompyuta.

Hakimiliki hailindi wazo. Mhubiri akieleza kwamba mfano wa mwana mpotevu wahusu zaidi baba kuliko mwana, hakumwibia yeyote aliyekwisha kuwaza hivyo. Kinacholindwa ni namna wazo lilivyovikwa maneno au sauti. Kwa hiyo kuwaza kama mwenzako ni halali, bali kuyachukua mahubiri yake neno kwa neno na kuyachapisha kwa jina lako si halali.

Katika nchi yetu Sheria ya Hakimiliki ya 1966 ilifuatwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Zanzibar inayo sheria yake ya 2003. Sheria ya 1999 ndiyo iliyoanzisha COSOTA, ambayo siku hizi ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Tena tangu 1994 Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, uliofanywa Uswisi mwaka 1886, ambao kwao kazi ya mtu wa Kiomboi hulindwa Ujerumani kama ilindwavyo kazi ya Mjerumani, na ya Mjerumani hulindwa Kiomboi vivyo hivyo.

Sheria humpa mtunzi haki za namna mbili. Za kwanza ni haki za kiuchumi: yeye ndiye mwenye ruhusa ya kunakili, kutafsiri, kusambaza na kutangaza kazi yake, au kumpa mwingine ruhusa hiyo kwa malipo au bure. Za pili ni haki za kimaadili: kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na kukataa kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Haki za kiuchumi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, ndipo kazi inapokuwa ya watu wote. Kando ya hizo ziko hakishiriki, yaani haki za wale walioimba, waliorekodi na waliotangaza. Hivyo wimbo mmoja wa kwaya waweza kuwa na mtunzi, waimbaji na studio, na kila mmoja ana fungu lake. Haki hizi huanza kazi inapotungwa, si inapogongwa muhuri. Kuandikisha kazi katika ofisi husaidia ushahidi, lakini hakumzai mtunzi.

3. Urithi wa kale

Watu wengine husema kwamba mambo haya ni ya Wazungu na ya juzi. Kweli sheria yenyewe ni ya juzi kidogo: ile ambayo kwa kawaida huitwa ya kwanza ni ya Uingereza ya mwaka 1710, iliyompa mtunzi miaka 14, na mingine 14 kama angali hai. Lakini swali ni la kale kuliko sheria.

Biblia haina neno hakimiliki, walakini inajua tofauti kati ya kupokeza na kuiba. Mithali 25:1 inatuambia kwamba watu wa Mfalme Hezekia walinakili mithali zilizokuwa za Sulemani. Karne mbili hivi zilikuwa zimepita, walionakili walikuwa watumishi wa ikulu, na bado jina la Sulemani halikufutwa. Kinyume chake, katika Yeremia 23:30 Bwana anawapinga manabii wanaoibiana maneno wao kwa wao na kuyasema kana kwamba wameyapokea kutoka kwake. Paulo anataka barua zake zisomwe katika makanisa mengine pia (Kol. 4:16), lakini huzitia alama kwa mkono wake mwenyewe ili pasiwe na barua za uongo zinazotumia jina lake (2 The. 3:17). Huu ndio mpango wa Agano Jipya kwa kifupi: neno lienee, na jina lisigeuzwe.

Ndugu zetu Waislamu wana desturi inayofanana na hiyo. Hadithi hupokewa pamoja na mnyororo wa majina ya walioipokeza, na mwanafunzi hupewa ijaza, yaani idhini ya mwalimu wake, kabla ya kukisomesha kitabu. Watunzi wa tenzi wa pwani nao walizoea kujitaja katika beti za mwisho. Tenzi hizo zilinakiliwa kwa mkono bila malipo kwa mtunzi, lakini jina lake lilisafiri pamoja na shairi.

Iko pia hukumu moja ya Kikristo ambayo mfugaji wa Singida ataielewa kuliko mwanasheria wa mjini. Masimulizi ya Ireland ya karne ya 6 yanasema kwamba mtawa Columba alinakili kwa siri kitabu cha Zaburi cha mwalimu wake Finnian. Finnian aliidai nakala. Columba alijibu kwamba kitabu hakikupungua kwa kunakiliwa, wala si haki kulificha neno la Mungu. Kesi ikafika kwa Mfalme Diarmait, naye akaamua kwamba kama vile ndama alivyo wa mwenye ng'ombe, ndivyo nakala ilivyo ya mwenye kitabu. Masimulizi hayo yanaiunganisha hukumu hiyo na vita iliyomwaga damu nyingi, na Columba mwenyewe aliondoka kwao akaenda Iona mwaka 563, ambako alikuja kuwa mmisionari mkuu.

Kwetu sisi mtu huweka ng'ombe wake kwa jirani. Jirani hunywa maziwa na kutumia samadi shambani, na hakuna anayemwita mwizi, maana ndiyo mapatano. Lakini ndama anapozaliwa, zizi zima lajua ni wa nani. Naye mwenye ng'ombe asiyempa mchungaji mwaminifu chochote baada ya miaka mingi huonekana mtu mbaya. Hapo pana miliki, matumizi na shukrani, na kila kimoja kina mahali pake.

Hata hivyo hoja ya Columba haikuwa ya kipuuzi. Ng'ombe akichukuliwa, zizi la mwenyewe hubaki tupu. Wimbo ukichukuliwa, mwenyewe bado anao. Ndiyo sababu sheria haikuifanya hakimiliki kuwa ya milele kama ukoo unavyoshika ardhi, bali iliiwekea mwisho, na ikaacha milango wazi kwa matumizi ya binafsi, kwa kunukuu na kwa kufundishia. Sheria inajaribu kumsikiliza Finnian bila kumnyamazisha Columba.

4. Luther na wapiga chapa

Sisi Walutheri tunayo sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili, kwa kuwa Matengenezo yalienea kwa mitambo ya uchapaji, na mingi ya mitambo hiyo haikuomba ruhusa. Agano Jipya la Luther lilitoka Wittenberg mnamo Septemba 1522, na kabla ya mwaka kwisha Adam Petri alikuwa amekwisha kulichapa upya huko Basel. Luther hakupokea malipo kwa vitabu vyake. Kwa upande wa nani ale, yeye alikuwa amesamehe.

Lakini hakunyamaza. Mwaka 1525 sehemu ya maandiko ya mahubiri yake iliibwa Wittenberg kabla haijachapwa, ikatokea katika mji mwingine. Luther aliwaandikia wapiga chapa kwa ukali, akiwalinganisha na wanyang'anyi wa njiani. Alikuwa na malalamiko mawili. Kwanza, mchapaji wa Wittenberg aliyegharamia kazi alipata hasara. Pili, matoleo ya haraka yalijaa makosa, hata yeye mwenyewe hakuyatambua maneno yake. Mwaka 1524 alikuwa amekwisha kuweka katika sehemu ya Agano la Kale alama mbili, mwana-kondoo na waridi lake, ziwe ushahidi kwamba kitabu kimepita mikononi mwake. Waridi hilo tunalolishona leo kwenye mavazi ya kwaya lilitumika basi kama alama ya kuthibitisha nakala halisi.

Kisa cha Emser kinatufundisha zaidi. Hieronymus Emser, mpinzani wa Luther, alitoa Agano Jipya mwaka 1527 ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa tafsiri ya Luther iliyorekebishwa hapa na pale, huku Luther mwenyewe akishutumiwa na kitabu chake kikipigwa marufuku. Katika barua yake juu ya kutafsiri ya mwaka 1530, Luther aliliandika jambo hilo kwa kejeli. Hakudai fedha. Alisema, kwa maana, kwamba yamtosha kuona kazi yake ikisomwa hata kwa jina la adui, lakini ulimwengu ujue ni kazi ya nani. Hali kadhalika, katika dibaji ya kitabu cha nyimbo cha Wittenberg aliwasihi watu wasiongeze wala kurekebisha kijitabu hicho bila idhini ya wenyewe, na majina ya watunzi yaliwekwa ili nyimbo zisizofaa zisiuzwe kwa majina yao.

Katika Katekisimo Ndogo amri ya saba haiishii katika kutomnyang'anya jirani. Inatuagiza pia kumsaidia aitunze na kuiongeza riziki yake. Na katika Katekisimo Kubwa ukali wa Luther unawaangukia zaidi wafanyabiashara wanaopandisha bei na kuwakamua maskini kuliko wezi wadogo. Kwa hiyo amri hii ina makali pande mbili. Inamhukumu anayenakili kitabu kizima na kukiuza, na inamhukumu pia mwenye haki anayemnyima maskini kitabu kwa bei asiyoweza kuifikia kamwe.

5. Wimbo uliotoka Makumira

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa aliandika maneno ya wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" kwa sauti ya jadi. Wakati ule katika Chuo cha Theolojia cha Kilutheri Makumira ilikuwapo juhudi ya kukusanya na kutunga nyimbo za Kikristo kwa sauti za Kiafrika, na aliyeiongoza alikuwa Howard S. Olson, mmisionari Mmarekani wa Augustana. Ulrich Leupold aliutia wimbo huo katika Kijerumani mwaka 1969, nao leo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani. Olson aliutia katika Kiingereza mwaka 1977, na Walutheri wa Marekani wanao katika kitabu chao cha 2006, namba 364. Wimbo wa Wilson Niwagila, "Njoo kwetu, Roho Mwema", umo katika kitabu hicho hicho.

Msomaji akitazama maandishi madogo chini ya nyimbo hizi katika vitabu vya Marekani, ataona jina la mtunzi, jina la mfasiri, na taarifa kwamba maneno ya Kiswahili ni hakimiliki ya Chuo cha Makumira, ikisimamiwa na shirika la uchapaji la Kilutheri la huko. Huo ni mstari mfupi sana, lakini una kazi kubwa. Kwa ajili yake Mkristo wa Minnesota au wa Hannover anajua kwamba furaha yake ya Pasaka imepitia kwa Mwafrika mwenye jina. Kwa ajili yake pia yuko mtu wa kumwandikia barua ya kuomba ruhusa. Maswali yote mawili yamepata jibu: nani atajwe, na nani ale.

Linganisha na yaliyompata Solomon Linda wa Afrika ya Kusini, aliyerekodi "Mbube" mwaka 1939. Sauti yake ilizunguka dunia kwa majina ya wengine na kuwatajirisha wengine, naye alikufa maskini mwaka 1962. Warithi wake walifikia mapatano mwaka 2006 tu, baada ya kesi. Hapa kwetu Afrika Mashariki ubishi juu ya nani aliyetunga "Malaika" haujatulia hata leo, kwa kuwa wimbo ulitangulia kuenea kabla jina halijaandikwa. Tofauti kati ya nyimbo hizo na ule wa Kyamanywa si ubora wa sauti. Ni mstari mmoja ulioandikwa mapema.

Hata hivyo katika mstari huo pana pengo moja. Kuhusu sauti, vitabu husema tu kwamba ni ya jadi ya Tanzania. Nchi hii ina makabila zaidi ya 120. Anayetaka kujua sauti ile ilichezwa katika ngoma ipi, na wazee wa wapi waliitunza, hafikishwi mlangoni kwa mtu yeyote. Hapo ndipo swali linapotugusa sisi wa Singida.

6. Mali ya ukoo

Kabla hajawa mwalimu wa Makumira, Olson alijifunza Kirimi, lugha ya Wanyaturu, hata akaandika tasnifu yake ya udaktari ya 1964 juu ya lugha hiyo. Mwaka huo huo methali za Kirimi alizozikusanya zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Je, methali hizo ni mali ya nani? Sheria hujibu kwa kugawanya. Maelezo, tafsiri na mpangilio ni kazi ya mwandishi, na kwa kuwa Olson alifariki mwaka 2010, kwa hesabu ya miaka 50 zinalindwa hadi mwisho wa 2060. Lakini methali zenyewe hakuzitunga yeye. Mzee wa Ilongero au wa Ikungi anayeisema methali ya babu yake hana haja ya ruhusa ya mtu.

Sheria yetu ya 1999 ina sehemu maalumu juu ya sanaa za jadi: hadithi, methali, ngoma, nyimbo na ufundi wa mikono. Mtu anayezitumia kwa ajili ya faida na nje ya mazingira yake ya asili hutakiwa kuomba idhini, na kazi hiyo imewekwa chini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Tena anayezichapisha hutakiwa kutaja zilikotoka, yaani jamii au mahali. Kwa hiyo sheria ya nchi imekwenda hatua moja mbele ya desturi ya vitabu vyetu vya nyimbo, maana kuandika "ya jadi" peke yake hakutoshi.

Tusiliseme jambo hili kwa wengine tu. Wanafunzi wetu hurudi kutoka likizo wakiwa na sauti walizorekodi kwa simu vijijini: nyimbo za kutwanga, za harusi, za kuita mvua, na nyimbo za kwanza za Wakristo wa Iramba na Unyaturu. Wanazitia maneno ya Injili, nasi tunafurahi. Lakini mwaka mmoja tu ukipita bila kuandika, jina la bibi aliyeimba husahaulika, kijiji husahaulika, na wimbo huanza kuitwa wa kwaya fulani ya mjini. Hakuna aliyekusudia kuiba. Hata hivyo kitu kimepotea, na aliyepotelewa hana hata taarifa.

7. Mtego wa neno "bure"

Hoja inayotolewa mara nyingi Kanisani ni agizo la Bwana kwamba tuliyoyapata bila malipo tuyatoe bila malipo (Mt. 10:8). Agizo hilo ni kweli, nasi tunaliamini. Lakini tuangalie linamwambia nani. Linamwambia yule aliyepokea atoe alicho nacho. Halimwambii atoe cha mwenzake.

Katika 2 Samweli 12 Nathani anamsimulia Daudi habari za tajiri aliyefikiwa na mgeni. Ukarimu wake ulikuwa ukarimu kweli, na mgeni alikula akashiba. Ila mwana-kondoo alikuwa wa maskini. Nasi twaweza kuwakarimu wageni wetu wa kiroho kwa mwana-kondoo wa mwalimu wa kwaya ambaye ana watoto wa kusomesha na hajawahi kupata hata nauli kutokana na wimbo wake. Lakini katika 2 Samweli 24 Daudi yule yule, akiwa amejifunza, anakataa kumtolea Mungu sadaka ambayo haikumgharimu kitu. Kutoa bure ni tendo la mwenye mali. Anayetoa bure cha mwingine hajatoa kitu.

Bwana huyo huyo, katika mafundisho ya namna hiyo hiyo, anasema pia kwamba mfanyakazi ana haki ya malipo yake (Lk. 10:7), na Paulo analirudia kwa ajili ya wazee wanaofundisha (1 Tim. 5:18). Injili ni bure. Karatasi, wino, umeme wa studio na miezi ya mtunzi si bure. Mtu fulani amevilipa, na ni haki tumjue.

8. Intaneti

Zamani kunakili kulikuwa na jasho. Mtawa alikesha, mchapaji alinunua karatasi, na hata muuza kanda alihitaji kanda. Siku hizi kijana katika kibanda anaingiza nyimbo mia katika simu ya mteja kabla chai haijapoa, na mhubiri hupokea kitabu kizima kwa WhatsApp bila kujua aliyekituma wa kwanza alikitoa wapi. Gharama ya nakala imekaribia sifuri, na gharama ya kufuta jina imekuwa sifuri kabisa, kwa maana jina la faili hubadilishwa kwa kidole.

Sheria imejaribu kufuata. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalitaja kosa la kuvunja haki za miliki bunifu kwa njia ya kompyuta. Mitandao yenyewe ina mashine za kulinganisha sauti. YouTube, kwa mfano, hutambua wimbo uliokwisha kuandikishwa kwao, na humpa aliyeuandikisha uwezo wa kuuzuia au kupokea mapato yake. Ila mashine haijui nani aliutunga. Inajua nani aliuandikisha. Kwaya ya kijijini ikichelewa, yaweza kuzuiliwa wimbo wake yenyewe kwa sababu mjanja wa mjini alitangulia.

Lakini intaneti imeleta pia njia njema. Tangu 2002 ziko leseni huria za Creative Commons, ambazo mwenye kazi hutangaza mapema kwamba watu wanakili bila kumwomba, mradi wamtaje, na akipenda, mradi wasiuze. Twaona kwamba hii ndiyo njia ya Luther iliyowekwa katika lugha ya wanasheria: maziwa kwa wote, na ndama ajulikane ni wa nani.

9. Tufanye nini?

Kwanza, kila usharika uwe na daftari la nyimbo. Liandikwe jina la wimbo, aliyetunga maneno, sauti ilitoka wapi na kwa nani, tarehe, na waliorekodi. Wimbo wa jadi uandikwe kijiji na jamii yake, na jina la aliyeufundisha kama anakubali. Daftari hili halihitaji wakili wala fedha.

Pili, kabla kwaya haijaingia studio, mwalimu na wazee wa usharika waandike mapatano kwenye karatasi moja: nani mtunzi, mapato yagawanywe vipi, na mwalimu akihama itakuwaje. Mapatano yaliyoandikwa siku ya amani huokoa mashauri ya siku ya ugomvi.

Tatu, kazi iliyo tayari kuenea iandikishwe katika Ofisi ya Hakimiliki, na kwaya yenyewe, si mtu wa pembeni, iiweke mtandaoni kwa jina lake.

Nne, katika vyuo na mitaa tutumie ruhusa ambazo sheria inatupa, yaani kunukuu na kunakili sehemu za kufundishia, tukitaja chanzo kila mara. Tunapohitaji kitabu kizima tuandike barua. Wengi wenye haki hukubali wanapoombwa. Mwanafunzi anayezoea kuficha chanzo katika insha atazoea kukificha mimbarani.

Tano, Kanisa linaposhika haki lisiishike kama tajiri wa Nathani. Kanisa likiwa mmiliki, litangaze wazi nani aruhusiwe bure, bei iwe ya watu wa kwetu, na fungu la mtunzi limfikie.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba tangu watu wa Hezekia hadi simu za vijana wetu, neno jema halikukatazwa kuenea. Lililokatazwa ni kulikata na mahali lilipotoka. Sheria ya nchi inalinda jambo hilo kwa muda wa miaka fulani, kisha huliacha. Kanisa halina sababu ya kuliacha hata baada ya miaka hiyo, kwa kuwa kumtaja aliyetutangulia ni sehemu ya shukrani, na shukrani haina kikomo cha miaka 50. Wako katika sharika zetu wazee wanaozijua sauti ambazo hazijaandikwa popote, na umri wao hautungoji. Mchungaji anayesoma ukurasa huu aweza kulianza daftari hilo Jumapili hii, baada ya ibada, kwa kumwuliza mmoja wao: wimbo huu ulifundishwa na nani?